Mabati ya Namwinga na Kikao cha Mwisho cha Baraza

Nimestaafu bila muhtasari wangu hata mmoja kurudishwa na baraza. Nalisema hili mwanzoni ili anayetaka kubisha abishe mapema, kisha tuendelee. Miaka yote niliyokaa kushoto kwa Mkurugenzi wa halmashauri nikiandika yanayosemwa, waheshimiwa madiwani walibishana juu ya kila kitu, chai ikiwamo, lakini hakuna aliyewahi kusimama akasema, "Madam Atuganile, hapa hatukusema hivi." Ninyi mnaoingia sasa na kompyuta zenu mnarekodi sauti halafu mnalala. Mimi nilisikiliza.

Mmeniomba niwaachie maneno mawili matatu kuhusu kazi. Nitawaeleza ile iliyonitoa jasho kuliko zote, ya kutunga sheria ndogo ya kuwalinda wapangaji. Majina ya watu nimeyabadili. Langu nimeliacha, maana sioni sababu ya kulificha.

Nilizaliwa Itumba, kule Ileje kwenye milima, nikavuka kwenda Zambia nikiwa msichana, baada ya darasa la saba. Kitwe niliosha vyombo kwenye mgahawa, nikauza salaula, yaani mitumba, na jioni nikasoma. Stashahada yangu ya utawala wa serikali za mitaa sikupewa na mjomba wala mchungaji. Niliisoma nikiwa nimesimama nyuma ya meza ya nguo, huku wateja wanaulizana kama huyu anauza au anasali. Niliporudi nyumbani nikiwa na cheti hicho, wenzangu waliokuwa wamebaki walikuwa bado wanajadili watakwenda lini.

Siku yangu ya kwanza Tunduma nilivaa viatu vya visigino. Msicheke. Nilikabidhiwa kiti na dirisha la malalamiko, na mtu wa kwanza kufika alikuwa mama wa Kizambia aliyenisalimu, "Mulishani, mayo," nikamjibu kwa Kibemba safi, ofisi nzima ikageuka kunitazama. Tangu siku hiyo wakaniita "Mzambia". Hawakukosea sana, maana kila shauri lenye kwacha ndani yake lililetwa kwangu. Alasiri nikatumwa kwenda kuangalia choo cha nyumba ya kupanga kilichotitia. Visigino vilibaki kule. Kesho yake nilinunua mabuti ya mvua, na hayo ndiyo niliyovaa hadi nilipopandishwa kuandika vikao.

Dirishani ndipo nilipojifunza mji huu unavyopangisha. Tunduma hakulali. Malori yanasubiri kuvuka, madereva wanatafuta pa kuweka ubavu, wafanyabiashara wanakuja toka kila mkoa, na kila mwenye kiwanja anaongeza chumba nyuma ya chumba. Basi mwenye nyumba akipata mtu wa kumlipa vizuri zaidi, yule aliyemo anakuwa mzigo. Lakini hakuna anayemwambia mpangaji "toka", maana akisema hivyo mbele ya watu ataulizwa mkataba uko wapi. Hapa kwetu wana adabu. Wanakarabati.

Mwenye nyumba anakuja na fundi asubuhi njema, anasalimia, anauliza watoto hawajambo, kisha anaezua mabati juu ya chumba cha mpangaji. "Nabadilisha paa, mama, vumilia kidogo." Paa halirudi. Mpangaji anavumilia jua, anavumilia umande, mvua ya kwanza ikishuka anafunga virago mwenyewe, na mwenye nyumba anamsindikiza hadi barabarani akisikitika. Watu wa huku wanasema, "Fulani ameonyeshwa mawingu." Wengine hung'oa mlango. Nilikuwa na shauri moja la mlango ambao mwenye nyumba, mkazi wa ng'ambo Nakonde, aliupakia kwenye baiskeli na kuvuka nao mpaka. Nilipomfuata, alinieleza kwa upole kwamba mlango uko nchi nyingine na mimi sina mamlaka huko. Mlango niliurudisha. Njia niliyotumia nitabaki nayo, maana baadhi ya waliohusika bado wanafanya kazi forodhani.

Aliyenifundisha sheria alikuwa Mzee Asukile, mwanasheria wetu, mtu mwembamba aliyekuwa anavaa sweta hata mchana wa Oktoba. Mimi nilikwenda kwake na rasimu niliyoiandika mwenyewe, yenye kifungu kinachokataza kodi ya chumba kupandishwa bila idhini ya halmashauri. Aliisoma, akavua miwani.

"Atu, mwanangu, hiki kifungu kizuri sana."

"Asante, Mzee."

"Kitatupwa kabla hakijafika mkoani. Sheria iliyokuwa inadhibiti kodi za nyumba nchini ilifutwa zamani. Halmashauri haiwezi kuifufua kwa mlango wa nyuma."

"Sasa tutawasaidiaje?"

Akaufuta ule ukurasa wangu kwa mstari mmoja, polepole, kama anafuta vumbi mezani. "Kodi hatuigusi. Tunagusa bati."

Hapo ndipo nilipouelewa uzuri wa sheria ndogo. Haina nguvu ya kubadilisha dunia, lakini inaweza kusema kwamba paa, mlango, dirisha na choo cha chumba chenye mpangaji haviondolewi bila taarifa ya maandishi na bila kumpa chumba kingine cha kujihifadhi. Inaweza kusema kwamba anayetaka chumba chake atoe notisi ya miezi mitatu, nakala kwa mtendaji wa mtaa. Tuliandika vifungu vichache. Mzee alikata, mimi nikaongeza, akakata tena. Rasimu ikabandikwa kwenye mbao za matangazo kama utaratibu unavyotaka, wananchi watoe maoni. Maoni ya wapangaji yalikuwa mengi. Ya wenye nyumba yalikuwa machache na yote yalisema kitu kimoja: hii ni mbinu ya kutuhesabia vyumba ili watu wa mapato watufuate. Kwa kweli hatukuwa na mpango huo, ingawa wazo halikuwa baya.

Ikabaki kupitishwa na baraza la madiwani. Na baraza, jamani, lilikuwa linakaribia kuvunjwa, maana ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu. Kikao kilichobaki kilikuwa kimoja. Jambo lisilopita siku hiyo lingeingia kaburini na baraza lenyewe, na atakayekuja kulifukua angeanzia kwenye mbao za matangazo.

Wiki ya kikao hicho ndipo Namwinga alipoonyeshwa mawingu.

Namwinga alikuwa fundi cherehani, mpangaji wa vyumba viwili katika kata ya Mpemba, pembeni ya barabara kuu. Mumewe anaendesha lori la Lubumbashi na huonekana nyumbani kama mwezi mwandamo. Chumba cha mbele alishona sare za shule, cha nyuma alilala na wanawe. Mkataba wake ulikuwa bado haujaisha na kodi alishalipa mbele, kama desturi yetu ilivyo. Lakini kuna mtu alitaka kugeuza nyumba ile kuwa ya kulaza madereva. Na mwenye nyumba hakuwa mtu mdogo. Alikuwa diwani, nitamwita Mheshimiwa Simfukwe, mtu wa kucheka kwa sauti na kununulia watu soda.

Namwinga alikuja ofisini amejifunga khanga kiunoni, sindano mbili bado zimechomekwa kwenye blauzi.

"Dada Atu, fundi kaondoa mabati ya chumba cha cherehani. Kesho kutwa anamalizia cha kulala."

"Nani amemtuma?"

"Si unamjua? Anasema anakarabati. Nimemuuliza mabati mapya yako wapi, akaniambia yanatoka Mbeya. Dada, mabati yanayotoka Mbeya ningeyasikia yakilia barabarani. Mimi nakaa barabarani."

"Umekwenda baraza la ardhi la kata?"

"Nimekwenda. Wameniambia nirudi baada ya wiki mbili. Wewe, mvua hii isiyo ya msimu inayokusanyika kule Mbozi, itasubiri wiki mbili?" Akainamisha kichwa, sauti ikashuka. "Nina sare za shule nzima mle ndani. Zikilowa, hata nikibaki na nyumba, sibaki na kazi. Nikitoka hapa narudi kwetu Momba, na watoto wako kwenye mitihani."

Nilimwambia ukweli, maana mpangaji akidanganywa na mwenye nyumba halafu na ofisi, hana tena pa kwenda. Nikamwambia kwamba hata sheria yetu ikipita itabidi iende juu ikaidhinishwe, lakini ikipita, hakuna diwani atakayethubutu kuezua nyumba huku pendekezo lililopitishwa na baraza lake liko njiani. Isipopita, sina kitu mkononi.

"Basi nitakuja kusikiliza," akasema. "Kikao si cha wazi?"

"Ni cha wazi. Lakini wananchi hawachangii."

"Sitachangia."

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Mvua ilikuwa imeanza kugusagusa paa, manyunyu tu, lakini kila tone lilimfanya Namwinga ainue uso. Alikaa mstari wa nyuma kwenye benchi la wananchi. Karibu naye alikaa fundi Lazaro, yule yule aliyeezua nyumba yake. Alikuja kumsubiri Mheshimiwa Simfukwe aambiwe kama aendelee na chumba cha pili. Walikaa benchi moja bila kutazamana, kama watu waliokosana msibani.

Ajenda za kwanza zilienda taratibu. Muhtasari uliopita ukathibitishwa bila marekebisho, nawakumbusha. Yatokanayo na muhtasari huo yakapita. Tukafika kwenye sheria ndogo, na Mwenyekiti wa baraza, mwalimu mstaafu asiyependa makelele, akasimama.

Sasa sikilizeni kipande hiki kwa makini, kwa sababu ndipo kazi yetu ilipo. Kanuni za kudumu zinasema kwamba mjumbe mwenye maslahi binafsi katika jambo linalojadiliwa ayatamke, kisha atoke, asijadili wala asipige kura. Mzee Asukile na mimi tulikuwa tumeshapiga hesabu ya kichwani. Wenye nyumba za kupangisha wakitoka kama kanuni inavyotaka, sheria inapita, hata kama ni kwa kura ya turufu ya Mwenyekiti. Wakibaki, haipiti. Na mkumbuke, kutamka maslahi maana yake ni kutaja nyumba zako mbele ya halaiki, zikaandikwa, na muhtasari ule unasomwa na wengi, watu wa mapato wakiwamo.

"Waheshimiwa," Mwenyekiti akasema, "mwenye maslahi katika ajenda hii ayatamke."

Mvua ikapiga paa. Kisha diwani mmoja mzee, Mnyiha mkulima wa kahawa, akainuka na fimbo yake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nina vyumba kadhaa pale nyuma ya soko. Idadi anaijua mke wangu. Natoka."

Watu wakacheka, akatoka akiinua fimbo kama mtu anayeaga harusi. Mwingine akafuata, mfanyabiashara wa vipuri, akasema anavyo vyumba na hana cha kuficha, naye akatoka. Nikasubiri. Mzee Asukile alikuwa anavuta uzi wa sweta yake. Mwenyekiti akageuza shingo.

"Mheshimiwa Simfukwe?"

"Naam."

"Una la kutamka?"

"Sina."

Nyuma kule benchi lilinung'unika. Nilimwona Namwinga amenyooka. Mwenyekiti akavuta pumzi.

"Mheshimiwa, nakukumbusha kanuni."

"Kanuni naijua, Mheshimiwa Mwenyekiti. Maneno ya vijiweni yasiletwe humu. Mimi sina nyumba ya kupangisha. Nimebaki hapa kuwatetea wazee wetu waliojenga kwa jasho, ambao sheria hii inataka kuwavua mamlaka juu ya mali zao."

Hapa wengi wangeandika tu "Mjumbe alieleza hana maslahi" wakaendelea. Mimi nikainua kalamu, ishara ya kuomba kwa Mwenyekiti, kama nilivyokuwa na haki.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa ajili ya kumbukumbu, naomba Mheshimiwa arudie maneno yake ili niyaandike kama alivyoyasema."

Simfukwe akanitazama. Alidhani namtisha, na mtu wa aina yake akitishwa hupanda juu zaidi.

"Andika, Mzambia. Andika vizuri. Sina nyumba ya kupangisha mahali popote. Iwe mjini, iwe Mpemba, hata ng'ambo Nakonde. Umeandika?"

"Nimeandika." Nikamsomea neno kwa neno, na Mpemba nikalitamka polepole. "Ndivyo?"

"Ndivyo."

Namwinga akasimama.

"Mama, kaa chini," Mwenyekiti akasema. "Wananchi hawachangii."

"Sichangii, Mheshimiwa. Nashukuru tu. Nilikuwa namkosea huyu baba, nikidhani ni yeye anayeniezulia nyumba. Kumbe kuna mtu mwingine." Akaketi, akatandaza khanga magotini.

Kicheko kilichotoka benchi la nyuma kiliifunika mvua. Hata baadhi ya waheshimiwa walijifuta midomo kwa leso. Simfukwe naye alicheka, kwa sauti ile yake, lakini jicho lake lilikuwa limemwona fundi Lazaro. Lazaro hakuwa anacheka. Alikuwa amekaa mdomo wazi kama mtu aliyesahaulika kituoni.

Mjadala ukaendelea. Simfukwe alizungumza mara mbili, na sitamnyima haki yake, alizungumza vizuri. Alisema nyumba ni kama ng'ombe, huwezi kumwambia mtu asimkamue wake. Diwani mmoja kijana akamjibu kwamba ng'ombe hana watoto wa mtu mwingine tumboni. Mwenyekiti akawanyamazisha, akaitisha kura za mikono. Nilihesabu. Nikahesabu tena. Mzee Asukile alikuwa ananitazama usoni, na alisoma jibu kabla sijampa Mwenyekiti karatasi.

Sheria ilianguka kwa kura moja.

Baraza likafanya dua ya kufunga, watu wakapeana mikono, wengine wakapiga picha kwa kuwa ndiyo mwisho. Mimi nilibaki nimekaa. Nilijua kura hiyo moja ni ya nani, naye alijua kwamba najua, na alipita mbele ya meza yangu akaigonga kwa vidole viwili kama anabisha hodi. Namwinga alikuwa ameshaondoka. Mvua ilikuwa imeacha kugusagusa, sasa inanyesha.

Nilipotoka kibarazani fundi Lazaro akanidaka mkono.

"Madam, yale aliyosema Mheshimiwa yameandikwa?"

"Yameandikwa."

"Yote? Na ile ya Mpemba?"

"Na ya Mpemba."

Akavua kofia, akaikamua ingawa haikuwa imelowa. "Madam, mimi sina karatasi. Alinipa kazi kwa mdomo, kwenye simu, akanionyesha nyumba. Mabati nimeyatoa mimi. Watu wote wa pale wameniona juu ya kenchi za paa. Sasa mwenyewe anasema mbele ya serikali nzima nyumba si yake. Basi mimi nimeezua nyumba ya nani?"

Lazima niseme kwamba kwa kitambo kidogo sikuelewa. Halafu nikaelewa yote kwa pamoja, na nikaona jinsi mtu anavyoweza kushinda kura na kupoteza paa.

"Lazaro," nikamwambia, "mtu anayeondoa mabati ya nyumba bila kutumwa na mwenyewe anaitwa nani?"

Alikuwa ameshashuka ngazi, anakimbilia bodaboda.

Nilirudi ndani kuandika muhtasari safi kabla maneno hayajapoa, na ndiko Simfukwe alikonikuta. Safari hii hakugonga meza. Alivuta kiti, akakaa, akaongea kama ndugu.

"Dada Atu. Lile neno la Mpemba, lilinitoka tu. Tuliweke hivi: mjumbe alieleza hana maslahi ya moja kwa moja. Inatosha."

"Mheshimiwa, nilikusomea ukakubali."

"Mambo ya kikao hayo. Ulimi hauna mfupa. Wewe ni mtu mzima, umesoma, umetembea nchi za watu."

"Ndiyo maana," nikasema. "Marekebisho ya muhtasari yanafanywa na baraza katika kikao kinachofuata. Utasimama, utaeleza, wajumbe watakubali au watakataa."

"Kikao kinachofuata kiko wapi? Baraza si limevunjwa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Mzee Asukile, ambaye alikuwa amesimama dirishani muda wote kana kwamba anaangalia mvua, akageuka. "Kuna njia nyingine, Mheshimiwa. Andika maelezo yako leo kwamba nyumba ni yako, taja na nyingine zote, na kwamba ulipiga kura ukiwa na maslahi. Tutayaambatanisha. Karatasi hii hapa." Akamsogezea na kalamu.

Simfukwe aliitazama ile karatasi. Nje kulikuwa na uchaguzi unakuja, wapinzani wake wana masikio, na watu wa mapato wana macho. Akainuka, akafunga koti. Hakuaga. Tulisikia gari lake likiondoka kuelekea upande wa Mpemba.

"Anakwenda kumalizia chumba cha pili," nikasema.

"Kwa fundi gani?" Mzee Asukile akauliza, na akaanza kutafuta mwavuli.

Tulipanda gari la ofisi, tukampitia mtendaji wa mtaa, mtu mwenye mwili mkubwa ambaye hakuwa amekula mchana na alitutaka tulijue hilo. Njia nzima nilikuwa nawaza sare za shule. Barabara ilikuwa na foleni ya malori hadi macho yanaishia, tukatembea kipande cha mwisho kwa miguu, na hapo niwaambie, mabuti yalikuwa nyumbani.

Tuliona umati kabla hatujaiona nyumba. Madereva, mama ntilie, wauza simu, wote wamejikinga chini ya mabaraza wanatazama juu. Lazaro alikuwa juu ya kenchi, shati limegandamana mgongoni, anapigilia bati moja baada ya jingine kwa kasi ya mtu anayefukuzwa. Mabati ambayo alikuwa ameyalundika ukutani yalikuwa yanapandishwa na wanaume wawili aliowaokota barabarani. Kila akimaliza moja, aliinama kuita, "Mama Namwinga! Umeliona hili? Unaona nalirudisha? Hesabu na wewe, uwe shahidi!"

"Naliona!" sauti ya Namwinga ilijibu toka ndani. "Pale kwenye kona panavuja. Usinirudishie nusu!"

"Sirudishi nusu, mama, nimekuja kuyamaliza yote!"

"Na ile misumari uliyoipinda?"

"Naibadilisha, naibadilisha!"

Gari la Simfukwe lilikuwa limesimama ng'ambo ya barabara. Yeye alikuwa nje, mwavuli mweusi juu ya kichwa, na alitaka kuvuka. Nililiona hilo kwenye mguu wake, ulitangulia mbele ukarudi. Maana angevuka na kusema nini? Kumwambia Lazaro acha ni kusema nyumba ni yangu, na umati ulikuwa pale, na mtendaji wa mtaa, na mwanasheria, na mimi. Habari za ukumbini zilikuwa zimeshafika Mpemba kabla ya sisi sote. Kijiwe chote cha bodaboda kilikuwa kimemgeukia.

"Mheshimiwa, karibu!" mmoja akapaza sauti. "Umekuja kumtafuta mwenye nyumba na wewe?"

Lazaro akaacha nyundo hewani, akamwona. Alijifuta maji machoni, na nadhani alikuwa anamwomba kwa kweli, si kwa dhihaka.

"Mheshimiwa! Wewe ni mtu wa watu, unawajua wote. Nyumba hii ni ya nani? Kama unamjua mwenyewe, mwambie mabati yake yote yapo, sijachukua hata moja!"

Mvua ilikuwa inalia juu ya yale mabati yaliyokwisha rudi. Watu wakanyoosha shingo kumsikiliza. Simfukwe aliitazama nyumba yake toka msingi hadi kwenye kenchi, akamtazama mtendaji, akanitazama mimi, na mkono wangu haukuwa na kalamu wala karatasi.

"Simjui," akasema.

Akafunga mwavuli, akaingia ndani ya gari. Lazaro akashusha nyundo, na ndani ya nyumba cherehani ikaanza kuzunguka.